Mizani ya watazamaji isibaki mikononi mwa muuzaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya makala mliyoichapisha wiki iliyopita, iliyoeleza jinsi teknolojia mpya inavyobadili vyombo vya habari, chapa za bidhaa na utamaduni wa burudani. Mwandishi wenu ameandika kwa ufasaha, na mengi aliyoyasema ni ya kweli. Hata hivyo, hitimisho lake kwamba siku hizi mtazamaji ndiye mfalme, kwa kuwa anajichagulia anachokitaka na idadi ya waliotazama inaonekana wazi chini ya kila video, limenikwama kooni. Kabla ya kustaafu nilifanya kwa miaka 19 kazi ya kununua nafasi za matangazo kwa niaba ya makampuni mbalimbali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kusoma takwimu za wasomaji, wasikilizaji na watazamaji, kisha kuamua fedha za mteja zielekezwe wapi. Ninachokijua kutokana na kazi hiyo ni kwamba idadi ile iliyo chini ya video haikuwekwa na mtazamaji. Imewekwa na mwenye jukwaa la mtandaoni linaloonesha video, ambaye ndiye huyo huyo anayeuza nafasi za matangazo juu ya video hiyo, na kwa maoni yangu hilo ni badiliko kubwa kuliko yote aliyoyataja mwandishi wenu.

Huenda vijana wanaosoma barua hii hawajui kwamba suala la nani ahesabu liliwahi kuzua ugomvi mkubwa, tena katika magazeti yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 magazeti ya Marekani yalikuwa yakijitangazia idadi ya nakala yanazouza, na kila mchapishaji alitaja namba aliyoipenda. Wafanyabiashara walilipia matangazo kwa kuziamini namba hizo, hadi walipochoka. Mwaka 1914 wenye bidhaa, mawakala wao wa matangazo na wachapishaji waliunda kwa pamoja Audit Bureau of Circulations, chombo cha kukagua idadi ya nakala zinazotoka, na Uingereza ikapata chombo cha namna hiyo mwaka 1931. Televisheni ilipoingia majumbani, kampuni ya Nielsen, ambayo biashara yake ilikuwa utafiti na si utangazaji, ilianza mwaka 1950 kupima watazamaji wa Marekani kwa kufuatilia kaya chache zilizoteuliwa ziwakilishe nyingine. Vipimo hivyo vilikuwa na kasoro zake, na mimi ni miongoni mwa walioyalalamikia matokeo yake kila yalipotoka. Lakini aliyeshika mizani hakuwa muuzaji wala mnunuzi, na pande zote mbili zilimnung'unikia kwa kiasi kilicholingana, jambo ambalo katika kazi yetu lilihesabiwa kuwa dalili njema.

Majukwaa ya intaneti yaliuweka kando utaratibu huo bila kelele. Matangazo ya mabango yalipoanza kuonekana katika tovuti ya HotWired, Oktoba 1994, kilichowavutia walionunua nafasi hizo ni kwamba kompyuta iliweza kurekodi kila aliyelibofya tangazo. Nilipoingia kazini miaka michache baadaye, imani hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi: kwa kuwa mashine inahesabu kila kitu, mkaguzi wa nini tena? Tulisahau kwamba mashine ina mwenyewe, na kwamba kabla haijahesabu utazamaji hata mmoja, lazima kuwe na mtu aliyeamua utazamaji ni nini. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

Tuchukue mfano wa Netflix. Hadi mwishoni mwa 2019 kampuni hiyo ilimhesabu mtu kuwa ametazama tamthilia ikiwa amefikia asilimia 70 ya sehemu moja. Januari 2020 ilitangaza kwamba dakika 2 zinatosha, kwa maelezo kuwa aliyefika hapo ameonyesha kwamba alichagua kwa makusudi, na yenyewe ikakiri mbele ya wanahisa wake kuwa kipimo kipya kinatoa hesabu kubwa kuliko kile cha zamani kwa wastani wa asilimia 35 hivi. Mwaka 2021 ikahamia kwenye jumla ya saa zilizotazamwa, na mwaka 2023 ikaanza kuzigawa saa hizo kwa urefu wa kipindi. Nao YouTube, kuanzia Machi 31, 2025, wanahesabu utazamaji wa video fupi kila mara video inapoanza kucheza au kujirudia, bila kujali imetazamwa kwa muda gani. Kidole kinachopita juu ya skrini kikitafuta kitu kingine kinaacha nyuma yake hesabu. Sisemi kwamba kampuni hizi zimefanya siri, kwa sababu mabadiliko yote haya waliyatangaza wenyewe. Ninachosema ni kwamba waliamua peke yao, na kwamba katika kurasa za burudani namba za kabla na za baada huwekwa bega kwa bega kana kwamba zimetoka katika mizani moja, kisha msomaji huambiwa kuwa rekodi imevunjwa.

Mtu anaweza kuuliza kuna ubaya gani, ikiwa wanaodanganyika ni matajiri wenye kununua matangazo. Ubaya ni kwamba kipimo hakikai pembeni kikitazama. Kinachopimwa hujikunja kifuate umbo la kipimo. Kisa ninachokikumbuka zaidi ni cha Facebook. Septemba 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwapa watangaza bidhaa wastani uliokuzwa wa muda ambao watu walitazama video. Kosa lenyewe ni la hesabu ya darasani. Ilichukua muda wote uliotumiwa na watu wote, ikaugawa kwa idadi ya wale tu waliotazama kwa zaidi ya sekunde 3. Tuseme watu 100 wamefunguliwa video, 80 wakaondoka baada ya sekunde 1, na 20 wakabaki kwa sekunde 20. Jumla ni sekunde 480. Ukigawa kwa watu 100 unapata wastani usiofika sekunde 5. Ukigawa kwa wale 20 pekee unapata sekunde 24. Mwenye bidhaa aliyeoneshwa 24 hana njia ya kujua kwamba watu wanne kati ya watano hawakusubiri hata jina la bidhaa litajwe. Waliolipia matangazo walifungua kesi, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza shauri bila kukiri kosa la kisheria.

Fedha hizo zilikwenda kwa wanunuzi wa matangazo na mawakili wao. Waandishi hawakupata kitu, ingawa ni wao waliolipa gharama kubwa zaidi. Katika miaka ile vyumba vya habari vingi vilikuwa vikitazama takwimu hizo hizo na kuhitimisha kwamba watu wameacha kusoma na sasa wanataka video. Mic, tovuti ya habari ya New York iliyolenga vijana, iliwaachisha kazi wafanyakazi 25 Agosti 2017 ili ielekeze nguvu kwenye video. Novemba 2018 ikawaachisha karibu wote waliobaki na ikauzwa. Kitengo cha michezo cha Fox kiliwaondoa waandishi wa tovuti yake Juni 2017 kwa sababu kama hiyo. Siwezi kudai kwamba wastani uliokosewa ndio peke yake uliowaponza, maana takwimu hizo zilikuwa zimekwisha kukosolewa hadharani kabla ya maamuzi hayo. Ninachokumbuka vizuri ni hali ya vikao vya wakati huo: ukisimama kutetea kurasa za maandishi ulionekana mzee aliyepitwa na wakati, na mchoro wa mstari unaopanda ulitosha kukunyamazisha.

Muziki nao umefuata mkondo huo huo, pengine kwa uwazi zaidi, kwa sababu hapo kipimo kimefungwa moja kwa moja kwenye malipo. Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, na ukizimwa katika sekunde ya 29 ni kama haukupigwa. Kwa hiyo utangulizi wa ala uliokuwa ukimwandaa msikilizaji umekuwa hatari ya kibiashara, na kiitikio kimesogezwa mbele kabisa. Kwa upande wa pili, wimbo wa dakika 2 na wimbo wa dakika 6 hulipwa sawa, basi kuna faida gani kuurefusha? Wimbo wa "Old Town Road" wa Lil Nas X, uliokaa wiki 19 kileleni mwa chati kuu ya Billboard mwaka 2019 baada ya kuenea kupitia video fupi za TikTok, ulikuwa na dakika 1 na sekunde 53 ulipotoka mara ya kwanza. Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakawa wanapakia rekodi za sauti ya mvua au mvumo wa feni zilizokatwa vipande vya sekunde 30 na kidogo, ili msikilizaji anayetafuta usingizi awazalishie malipo mamia usiku mmoja. Spotify yenyewe ilibidi iweke sharti, kuanzia 2024, kwamba sauti za namna hiyo ziwe na urefu wa angalau dakika 2 ndipo zilipwe. Mwaka huo huo ilianza pia kutumia sharti kuwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 hautaingia katika mgawo wa mirabaha. Mwanamuziki asiyefika hapo anahesabiwa, lakini halipwi. Na nani aliyeshauriwa kabla ya kuichagua namba hiyo?

Video za YouTube zilikwenda kinyume, zikarefuka. Hadi 2012 jukwaa hilo lilipendekeza video kwa kuangalia idadi ya mibofyo, na matokeo yake yalikuwa picha za udanganyifu juu ya video zisizo na kitu ndani. Mwaka huo likahamia kwenye muda wa kutazama. Kwa kuwa kwa miaka kadhaa matangazo ya katikati yaliruhusiwa katika video zenye dakika 10 au zaidi tu, maelezo ya dakika 3 ya namna ya kurekebisha kitasa yalijazwa salamu, historia ya vitasa na maombi ya kujiunga, hadi yakafika dakika 10 na sekunde chache. Julai 2020 kiwango kikashushwa hadi dakika 8, na historia ya vitasa ikafupishwa ipasavyo.

Kuhusu chapa za bidhaa nitasema machache, ingawa ndiko nilikotokea. Mwandishi wenu alishangaa kwa nini nembo za makampuni makubwa zimeanza kufanana. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba nembo siku hizi lazima isomeke ndani ya kiduara kidogo kwenye skrini ya simu, mahali ambapo mapambo na herufi zenye mikia hupotea. Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, waliyaacha maandishi ya nembo yao ya zamani mwaka 2018, wakachukua herufi nene zisizo na pambo lolote. Mwaka 2023 wakamrejesha yule mpanda farasi wa nembo yao ya zamani, nadhani baada ya kugundua kwamba walikuwa wamevaa sare moja na washindani wao. Kiduara hicho, hata hivyo, ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba meneja wa chapa anayepimwa kila wiki kwa alama za kupendwa na idadi ya waliosambaza ataifanya chapa yake iongee kama kijana mtukutu, ichokoze washindani na itanie misiba, kwa sababu hizo ndizo kauli zinazohesabika. Uaminifu uliojengwa kwa miaka 30 ya bidhaa isiyoharibika hauna kihesabio.

Hapa lazima nami nijitaje. Katika moja ya kampeni zangu za mwisho tulimwajiri mtu maarufu wa mitandaoni aitangaze bidhaa ya mteja, na tulikubaliana malipo kwa kuangalia idadi ya wafuasi wake. Kijana mmoja wa ofisini kwetu, aliyekuwa na subira kuliko mimi, alikaa jioni mbili akiwapitia wafuasi hao mmoja mmoja, akagundua kwamba sehemu kubwa yao hawana picha, hawajaandika chochote na walijiunga ndani ya wiki moja. Nilimwambia aendelee na kazi nyingine. Katika ripoti kwa mteja niliiandika idadi yote kama ilivyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa katika mkataba na ndiyo ambayo bosi wa mteja angeipeleka kwa bosi wake. Kila mmoja katika mnyororo ule alijua au alishuku, na hakuna aliyekuwa na faida ya kusema. Ndiyo maana nilifurahi Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipotoa kanuni, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayokataza maoni bandia ya wateja na pia kukataza kuuza au kununua wafuasi na watazamaji bandia kwa ajili ya biashara. Kama ingekuwepo wakati ule, na kama ingenihusu, nisingelala vizuri usiku wa ile ripoti.

Nisieleweke vibaya, Mhariri. Sitamani kurudi enzi ambapo wasimamizi wachache wa vituo vya redio waliamua dunia isikilize nini. Desemba 2012 video ya kwanza kufikisha watazamaji bilioni 1 katika YouTube ilikuwa ya wimbo wa Kikorea, "Gangnam Style" wa PSY, na sidhani kama kuna meneja wa kituo popote nje ya Korea ambaye angeupa nafasi kwa hiari yake. Mwaka 2020 mfanyakazi mmoja wa ghala huko Idaho, Marekani, ambaye gari lake liliharibika njiani, alijirekodi akienda kazini kwa ubao wa magurudumu huku akinywa juisi ya Ocean Spray na kufuatisha kwa midomo wimbo wa "Dreams" wa kundi la Fleetwood Mac. Wimbo huo wa mwaka 1977 ulirudi kwenye chati, kampuni ya juisi, ambayo ni ushirika wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1930, ikapata tangazo ambalo hakuna wakala angeweza kulibuni, na mfanyakazi yule akapewa na kampuni hiyo gari jipya. Nilipoiona video ile nilicheka peke yangu kwa furaha. Wiki chache baadaye nilisikitika, kwa sababu nilijua vikao vinavyoendelea: kila mwenye bidhaa sasa alikuwa akimwagiza wakala wake amtafutie mtu wa kawaida, anayeonekana hajalipwa, akitumia bidhaa kana kwamba ni kwa bahati. Jambo likishafaulu katika kipimo hutengenezewa kiwanda.

Na viwanda sasa vimepata mashine isiyochoka. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika kwa kuombwa, ilipotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, gharama ya kutengeneza maandishi, picha na hata nyimbo imeshuka karibu na sifuri, wakati kipimo kimebaki kile kile cha idadi. Deezer, kampuni ya Ufaransa ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilisema Aprili 2025 kwamba inapokea kila siku zaidi ya nyimbo 20,000 zilizotengenezwa zote kwa akili mnemba, sawa na asilimia 18 ya zinazopakiwa. Kisa kinachonishughulisha zaidi ni kesi iliyofunguliwa New York Septemba 2024, ambapo waendesha mashtaka walimshtaki mwanamuziki mmoja wa North Carolina kwa kutumia mamia ya maelfu ya nyimbo zilizotungwa na akili mnemba, kisha kuzisikilizisha kwa akaunti za programu, na kujipatia mirabaha ya zaidi ya dola milioni 10. Tafakari hali hiyo, Mhariri: mashine inatunga, mashine inasikiliza, na mizani inasoma kwamba kuna muziki na kuna wasikilizaji. Fedha zenyewe hazikutoka hewani. Zilitoka katika mfuko mmoja unaogawanywa kwa wanamuziki wote kulingana na fungu la kila mmoja, kwa hiyo kila senti iliyokwenda kwa nyimbo zisizosikilizwa na mtu iliondolewa kwa aliyesikilizwa kweli.

Magazeti hayajanusurika. Mwanzoni mwa 2023 ilibainika kwamba tovuti ya CNET ilichapisha makala 77 za mambo ya fedha zilizoandikwa kwa msaada wa akili mnemba, na ikabidi isahihishe 41 kati ya hizo. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa likizo, ambamo vitabu 5 tu ndivyo vilivyokuwepo duniani. Vingine 10 vilipewa majina ya waandishi halisi lakini havikuwahi kuandikwa. Orodha ilikuwa imenunuliwa kutoka kampuni ya nje inayotengeneza kurasa za kujaza magazeti, na wasomaji ndio waliopiga kelele. Kwa kihesabio, ukurasa ule ulikuwa umefanikiwa: ulichapishwa, ulisomwa, ulizungumziwa kuliko ukurasa wowote wa vitabu mwaka huo.

Wakati huo huo lango la kuwafikia wasomaji linazidi kuwa jembamba. Google ilianza Mei 2024, ikianzia Marekani, kuweka juu ya matokeo ya utafutaji muhtasari ulioandikwa na akili mnemba, kiasi kwamba mtu anapata jibu bila kuifungua habari ambayo jibu limetolewa humo, na gazeti lililotuma mwandishi halionekani hata kama namba moja katika hesabu. Nchini Kanada, tangu Agosti 2023, Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, imeziondoa habari katika majukwaa hayo badala ya kukubali kuzilipia kama sheria mpya ilivyotaka, na hali ikabaki hivyo hata moto wa misitu ulipowalazimisha maelfu ya watu kuhama mwezi huo huo. Mwenye mizani akichoka na biashara, huondoka na meza pia.

Je, kifanyike nini? Zipo hatua zinazostahili kuigwa. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo majukwaa makubwa yalitakiwa kuanza kuitii Machi 2024, inawataka wenye majukwaa hayo wawape watangaza bidhaa na wachapishaji, bila malipo, vyombo na takwimu za kuwawezesha kuthibitisha wenyewe matokeo ya matangazo. Kwangu mimi hicho ni kifungu kimoja chenye uzito kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia kuhusu mustakabali wa habari, kwa sababu kinarudisha kile kilichopatikana mwaka 1914: mtu mwingine kuruhusiwa kusoma mizani. Sheria peke yake haitoshi bila wanunuzi wa matangazo wenyewe kudai haki hiyo katika mikataba, na nawasihi waliobaki katika kazi niliyoiacha wasifanye nilivyofanya mimi. Wanamuziki, kupitia vyama vyao, wana haki ya kudai washirikishwe kiwango cha sekunde au cha idadi kinapobadilishwa, kama vile mfanyakazi anavyopaswa kujua saa yake ya kazi ina dakika ngapi.

Ninyi wenyewe pia mna la kufanya, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Mnapoandika kwamba filamu au wimbo umetazamwa mara milioni kadhaa, tajeni nani kahesabu na kwa kipimo gani. Sentensi moja inatosha, na kama mwenye jukwaa hajasema, andikeni kwamba hajasema. Makala iliyolipiwa na mwenye bidhaa iandikwe hivyo juu ya kichwa cha habari, kwa herufi za ukubwa ule ule. Kurasa mnazonunua kutoka nje zisomwe na mhariri kabla hazijafika kwetu.

Mwisho, kuna kile kisanduku kilichoko pembeni mwa tovuti yenu, kilichoandikwa "Zilizosomwa zaidi". Nimekifuatilia kwa mwezi mzima. Habari zilizomo ni karibu aina moja kila siku, na nimeona pia kwamba habari zinazowekwa juu ya tovuti kesho yake zinafanana na zilizokuwa kisandukuni jana. Ningependa kiondolewe, au kando yake kiwekwe kingine chenye habari ambazo mhariri mwenyewe anaona tusizikose. Ikiwa hayo yote hayawezekani, basi naomba angalau mtueleze, hata kwa maandishi madogo chini yake, kisanduku hicho kinamhesabu nani: aliyeifungua habari, au aliyefika mwisho wake.

Wako katika ujenzi wa habari zilizo bora,

Mnunuzi mstaafu wa nafasi za matangazo